Wairani wa Kikaaya: Mgeni Huwa Mwenyeji Lini?

  

Leo naanzia Kalerwe. Anayeijua Kampala anaijua Kalerwe: soko linaloamka kabla ya jua, malori yakishusha mikungu ya matoke, akina mama wamepanga nyanya, viazi vitamu na mukene mkavu, vijana wa boda boda wakigombea abiria karibu na Northern Bypass, na mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba unafurika hadi milangoni mwa watu. Kalerwe ni mahali pa kufikia. Wako waliofikia hapa kutoka Masaka, wengine kutoka Teso, wengine kutoka Kivu wakikimbia bunduki, wengine kutoka Sudan Kusini. Kwa hiyo swali la "wewe ni wa wapi?" linasikika sokoni kila siku. Anayeuliza kwa wema anatafuta ndugu wa kijiji kimoja. Anayeuliza kwa ubaya anataka kujua kama una haki ya kusimama pale uliposimama.

Jambo ninalotaka tulitafakari leo ni hili: mgeni huwa mwenyeji lini? Na watu watakaotusaidia kujibu ni Wairani, wale ambao wazee wetu wa pwani waliwaita Waajemi.

Huenda unashangaa. Wairani na Kalerwe wapi na wapi? Iran tunayoisikia kwenye taarifa za habari ni ile ya mabalozi na marais, kama Julai 2023 Rais Ebrahim Raisi alipozuru Uganda. Lakini iko Iran nyingine iliyoingia Kampala zaidi ya miaka sabini kabla ya ziara hiyo, bila zulia jekundu wala gwaride. Panda boda boda pale Kalerwe, fuata Barabara ya Gayaza, kisha panda kilima cha Kikaaya. Juu kabisa, katikati ya majani na miti mikubwa, utaona hekalu lenye pande tisa na kuba la kijani. Ni Hekalu la Wabahai, la kwanza la dini hiyo katika bara zima la Afrika. Watu wengi hupita chini yake kila siku bila kujua kwamba kuba lile lina historia ya kufukuzwa na kupokewa.

Tuanze na mwaka 1951. Agosti ya mwaka huo ilifika Kampala familia moja kutoka Iran. Mkuu wa familia aliitwa Musa Banani, mfanyabiashara aliyekwisha kupita miaka sitini, aliyezaliwa Baghdad katika familia ya Kiyahudi, kisha akaifuata Imani ya Kibahai huko Iran. Alikuja na mkewe Samiheh, binti yao Violette, na mkwe wao Ali Nakhjavani. Pamoja nao alikuwa Mwingereza mmoja, Philip Hainsworth. Walikuja kwa hiari, kuitangaza dini yao iliyozaliwa Uajemi katika karne ya 19, na ambayo huko ilikozaliwa imeandamwa tangu siku zake za mwanzo.

Sasa fikiria Kampala ya mwaka ule. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapanga watu kwa rangi. Mzungu alikuwa na mtaa wake na shule yake, Mwasia alikuwa na mtaa wake na duka lake, Mwafrika alikuwa na mahali pake, na mahali hapo palikuwa chini. Mwirani angekaa wapi katika mpango huo? Njia rahisi ilikuwa kujibanza kwa Wazungu, au kufungua duka na kuishi miongoni mwa Waasia. Familia hii ilifanya jambo ambalo halikuwa na nafasi katika mpango wa rangi: iliwafungulia Waafrika mlango wa sebule yake, ikaketi nao na kula nao. Kabla mwaka ule haujaisha, Mganda mmoja, Crispin Kajubi, na Mtoro mmoja, Fred Bigabwa, walikuwa wameipokea imani ile. Februari 1952 akafuata kijana wa Kiteso aliyeitwa Enoch Olinga. Jina hilo lishike, nitalirudia.

Mwaka 1953 Ali na Violette Nakhjavani walitoka Kampala kwa gari pamoja na Olinga, wakalikatiza bara la Afrika kupitia Kongo ya Wabelgiji na makoloni ya Ufaransa hadi Kameruni. Hebu tulisikilize vizuri jambo hilo. Katika miaka ambayo hoteli nyingi na vyumba vingi vya kusubiria treni vilikuwa na mlango wa Mzungu na mlango wa Mwafrika, Wairani wawili na Mteso walisafiri pamoja katika gari moja kwa wiki nyingi, matope yao mamoja. Aliyekwenda kuwa mgeni Kameruni, kuanza maisha kati ya watu asiowajua, alikuwa Olinga, mtoto wa Uganda. Wageni waliokuja kwetu walimfanya mtoto wetu awe na ujasiri wa kuwa mgeni kwa watu wengine. Naliona hilo kuwa jambo kubwa.

Wakati hayo yakiendelea Afrika, huko Tehran mambo yaliharibika. Ni mwaka 1955, mwezi wa Ramadhani. Shehe mmoja mashuhuri, Mohammad Taqi Falsafi, alitoa mahubiri ya kuwashambulia Wabahai, na redio ya taifa ikayarusha nchi nzima. Narudia: redio. Chombo hiki tunachokitumia mimi na wewe sasa kuzungumza kwa amani, kule kilitumika kuwaambia watu wawachukie majirani zao. Mwezi Mei jeshi likaliteka jengo kuu la Wabahai mjini Tehran, na kuba lake likavunjwa kwa sululu, majenerali wakiwa palepale. Nyumba zilichomwa, watu walipigwa, wengine waliuawa. Na huo ulikuwa utawala wa Shah, ambao nchi za Magharibi ziliusifu kwa maendeleo, miaka zaidi ya ishirini kabla ya mapinduzi ya mashehe.

Wabahai walikuwa wamepanga kujenga hekalu Tehran. Baada ya yale yaliyotokea, mpango huo haukuwezekana. Kiongozi wao duniani wakati huo, Shoghi Effendi, akaamua kwamba badala yake lijengwe hekalu Kampala. Msikilizaji, hapo ndipo kilima cha Kikaaya kinapoingia katika historia ya Iran. Tarehe 26 Januari 1958, Rúhíyyih Khánum, mjane wa Shoghi Effendi, aliweka jiwe la msingi. Ndani ya msingi ule uliwekwa udongo kutoka kaburi la Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini hiyo, aliyefukuzwa Tehran na kufia uhamishoni Palestina, pamoja na kipande cha plasta kutoka ngome ya Máh-Kú, kaskazini-magharibi ya Iran, ambako Báb, mtangulizi wake, aliwahi kufungwa. Plasta ya gereza la Uajemi imelala chini ya udongo mwekundu wa Buganda.

Hekalu lilizinduliwa Januari 1961. Vigae vya kuba vilitoka Italia, vya paa la chini vilitoka Ubelgiji, vioo vya rangi vilitoka Ujerumani, na mbao za milango na viti zilitoka hapahapa Uganda. Halafu linganisha tarehe: Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Hekalu lile lina umri mkubwa kuliko bendera yetu. Siku ambayo taifa la Uganda lilizaliwa, Wairani wa Kikaaya walikuwa wameishi hapa miaka kumi na moja. Kwa hiyo, tunapouliza nani alimkuta nani, tuseme kwa uangalifu.

Lakini jengo peke yake halimfanyi mtu kuwa mwenyeji. Dunia imejaa majengo mazuri yaliyojengwa na watu waliotaka kutawala. Kinachonigusa katika habari ya Kikaaya ni mambo mawili yaliyokuja baadaye.

La kwanza ni kwamba walikabidhi. Wazee wetu walituambia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Banani na wenzake hawakungoja kupewa, walilishika wenyewe. Na lilipofika wakati, waliwaachia wengine mpini. Tangu miaka ya mwanzo Waafrika waliingia katika mabaraza ya uongozi ya jumuiya ile. Mwaka 1957 Enoch Olinga alipewa cheo cha juu kuliko vyote ambacho mtu binafsi angeweza kupewa katika dini hiyo wakati ule, cheo kilekile alichokuwa nacho mzee Banani tangu 1952. Kijana wa Teso na mzee wa Uajemi wakawa sawa, katika nchi ambayo bado ilikuwa chini ya gavana wa Kiingereza. Leo ukipanda Kikaaya utawakuta Waganda, Wateso na watu wa makabila mengine wakiimba kwa Kiganda, wakiomba kwa Kiingereza na lugha nyingine. Mwaka mpya wao huanza mwezi Machi, siku ileile ambayo Wairani huadhimisha Nauruzi. Sikukuu ya Uajemi imekuwa sikukuu ya mama wa Kiteso, na hakuna aliyemlazimisha.

La pili ni kwamba walishiriki msiba. Musa Banani alifariki Kampala mwaka 1971, akazikwa Kikaaya karibu na hekalu. Mwaka 1977 Idi Amin alipiga marufuku mashirika ya dini 27, na Wabahai walikuwamo. Milango ikafungwa hadi Amin alipoanguka, Aprili 1979. Watu wakadhani sasa mabaya yamekwisha. Miezi michache baadaye, tarehe 16 Septemba 1979, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Enoch Olinga hapa Kampala wakamuua yeye, mkewe Elizabeth na watoto wao watatu. Walizikwa Kikaaya. Mzee wa Uajemi na familia ya Kiteso wamelala katika ardhi moja, juu ya kilima kimoja, na anayekwenda kuwaombea huwaombea wote kwa safari moja.

Sasa tazama mambo yalivyokuwa upande wa Iran. Mwaka huohuo wa 1979 yalitokea mapinduzi, na dola mpya ikawaandama Wabahai kwa ukali kuliko Shah. Zaidi ya mia mbili wameuawa. Mjini Shiraz, Juni 1983, wanawake kumi walinyongwa kwa usiku mmoja kwa sababu hawakukubali kuikana imani yao. Mmoja wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na miaka 17, na moja ya makosa aliyotajiwa ni kuwafundisha watoto masomo ya dini. Wabahai wa Iran waliokuwa nchi za nje walipokwenda balozini kutaka pasipoti mpya, walinyimwa. Na mwaka 2014 wanajeshi wa Walinzi wa Mapinduzi walianza kuchimbua makaburi ya Wabahai hukohuko Shiraz, makaburi yapatayo 950, ili wajenge jengo lao.

Jiulize basi, ndugu yangu. Mwirani wa Shiraz aliyefukuliwa kaburi na watu wanaosema lugha yake, na Mwirani wa Kikaaya ambaye kaburi lake linafyekewa nyasi na Mganda: ni yupi kati yao aliyezikwa kwao?

Naomba nisimame kidogo hapo, nizungumze kuhusu watoto. Maana wazazi huchagua kuhama, watoto hujikuta tu wamehamishwa. Ali na Violette walikuwa na binti, Bahiyyih, aliyezaliwa Iran mwaka 1948 na kukulia Uganda. Baadaye alisoma Uingereza na Marekani, akawa mwandishi wa riwaya, na maskani yake yakawa Ufaransa. Mwaka 2017 alitoa riwaya kuhusu Wairani waliotawanyika duniani, iitwayo Us & Them. Ndani yake yuko mama mzee ambaye mwanawe alipotea katika vita vya Iran na Iraq. Binti zake wawili wako mbali, mmoja Los Angeles, mwingine Paris, naye anasukumwa kutoka nyumba hadi nyumba. Kati ya sura za familia hiyo, mwandishi ameweka sauti ya "sisi": sisi Wairani wa ng'ambo, tunaojisifu na kujilaumu, tunaogombana juu ya nani bado ni Mwirani hasa. Sishangai kwamba kitabu hicho kiliandikwa na mtu aliyekulia katika mji wa vilima vingi, lugha nyingi na madhehebu mengi. Mtoto aliyelelewa Kampala hujifunza mapema kwamba neno "sisi" linaweza kupanuka na linaweza kubana.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini mtoto wa mhamiaji ana asili ngapi? Nyumbani anasikia lugha ya mama yake, shuleni Kiingereza, barabarani Kiganda, sokoni Kiswahili. Mzazi anamwambia usiwe kama hawa. Jirani anamwambia wewe si mwenzetu. Mtoto huyo akikua na uchungu, tusiseme ni mkaidi. Tumembana pande zote mbili. Mzazi mwenye busara humpa mtoto hadithi za kule alikotoka pamoja na ruhusa ya kuipenda nchi anayokulia. Na jirani mwenye busara hamwombi mtoto athibitishe mapenzi hayo kila anapofungua mdomo.

Sasa twende pwani kwa dakika chache, kwa maana watu wa pwani walilijua suala hili kabla yetu. Masimulizi ya Kilwa yanasema watawala wao wa kwanza walitoka Shiraz, na humtaja Ali bin al-Hasan. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama ni kweli au ni majivuno. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya watu waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani, kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Majibu yalikuwa ya kuvutia: upande wa akina mama, asili ya watu wale ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, upande wa akina baba, sehemu kubwa ilitoka Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000.

Waajemi wale wako wapi leo? Wamo ndani ya Waswahili. Hawakuacha mtaa wa kusema Kiajemi. Watoto wao walisema lugha ya mama zao, wakafuata desturi za wajomba zao, na wajukuu wakawa wenyeji kabisa. Walichobakiza kimekuwa mali ya wote, kama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ambao asili yake ni Nauruzi. Wanaousherehekea leo hawaisherehekei Iran. Wanasherehekea Makunduchi.

Lakini pwani inatufundisha pia upande mchungu. Kwenye miaka ya ukoloni nasaba iligeuzwa kuwa silaha ya siasa: nani Mwarabu, nani Mshirazi, nani wa bara. Februari 1957 huko Zanzibar ilizaliwa Afro-Shirazi Party, na Januari 1964 yakaja mapinduzi ambamo watu waliuawa kwa sababu ya asili yao. Kisha mwaka 1970, katika Unguja iliyotawaliwa na chama chenye jina la Shiraz, wasichana wanne wa familia zenye asili ya Iran waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali. Jina la Shiraz lilikuwa ndani ya jina la chama, wala halikuwafaa kitu wasichana wale. Kwa hiyo anayetuambia kwamba damu ndiyo inayompa mtu makazi na usalama, tumwambie aisome Zanzibar kwanza.

Turudi Kampala. Buganda yenyewe ina mazoea ya kale ya kupokea watu. Mtu alitoka kwao, akaenda kwa chifu, akaomba mahali pa kulima, akapewa kibanja, akaanza maisha. Miaka ile ile Banani alipofika, maelfu ya watu kutoka Rwanda na Burundi walikuwa wakija kulima pamba na kahawa ya Waganda. Mtaalamu Audrey Richards na wenzake walilichunguza jambo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Wengi walijifunza Kiganda, wakachukua majina ya Kiganda, na baadhi wakaingia katika koo. Wajukuu wao leo wamo kati yetu, pengine ni wewe unayenisikiliza.

Desturi ilikuwa pana. Sheria yetu ni nyembamba zaidi. Katiba ya 1995 inasema raia kwa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, ni wa jamii asilia zilizoishi ndani ya mipaka ya nchi kufikia tarehe 1 Februari 1926. Orodha ya jamii hizo imo mwishoni mwa Katiba, na baada ya marekebisho ya 2005 zilifika 65. Mtoto wa wahamiaji anaweza kuzaliwa Hospitali ya Mulago, akasoma hapa, akaoa hapa, na bado asiwe raia kwa kuzaliwa kama jamii ya wazazi wake haimo katika orodha. Inabidi aombe kuandikishwa. Na Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 12, inasema mtoto ambaye mzazi wake mmoja alikuwa mkimbizi hawezi kutumia haki ile ya kuandikishwa kwa sababu tu alizaliwa hapa.

Nalisema hili kwa heshima, maana Uganda ina jambo la kujivunia. Inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na sheria yake ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Nchi tajiri kuliko yetu hazijafanya hivyo. Lakini kumpa mtu hifadhi ni jambo moja, na kumwambia mwanawe "hapa ni kwenu" ni jambo jingine. Yule mtoto wa Kikongomani anayekubebea mkungu wa matoke pale Kalerwe alizaliwa hapa. Kivu anaisikia kwa mama yake. Ukimwambia arudi kwao, hajui arudi wapi.

Nasikia msikilizaji akinipinga, na hoja yake ina uzito. Anasema, bwana, usiwalinganishe watu hao. Banani alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo. Alikuja kwa hiari yake, na nyuma yake ilikuwapo jumuiya ya dini yenye watu dunia nzima. Huyu wa Kalerwe alifika na nguo alizovaa tu. Nakubali, tofauti ni kubwa. Mwenye mali hufunguliwa milango ambayo maskini hufungiwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuitaka sheria iwe wazi. Mwenye uwezo atapata njia hata sheria ikiwa mbovu. Asiye na uwezo hana kimbilio jingine. Tukimtaka maskini naye aijenge nchi hii, tumpe kwanza mahali pa kusimama.

Mwingine atasema, hao walikuja kueneza dini yao. Ni kweli, nao hawakuficha. Hata misheni za Kikristo za Namirembe na Rubaga zilikuja na dini, na Uislamu ulikuja na wafanyabiashara wa pwani. Mimi sikualiki leo ubadili dini. Nakualika utazame namna watu wachache walivyokuja kutoka mbali, wakakataa kukaa juu ya wenyeji wao, wakakataa pia kukaa pembeni, wakalima, wakakabidhi, wakazikwa.

Kwa hiyo swali letu la leo, mgeni huwa mwenyeji lini, mimi nalijibu hivi. Mgeni huwa mwenyeji anapoacha kuhesabu alichokileta na kuanza kuhesabu atakachokiacha, na anapokubaliwa na wale aliowakuta. Inahitaji pande zote mbili. Banani angefanya yote aliyoyafanya, na kama Kajubi, Bigabwa na Olinga wangemfungia mlango, angekufa mgeni. Iran ilikuwa na watu waliofanya kazi, waliojenga shule, waliolipa kodi, na bado iliwafukua makaburini, kwa sababu upande wa pili ulikataa.

Ninayo maombi matatu kabla sijakuaga.

Kwako wewe mgeni, uwe umetoka Goma, Juba, Asmara au Tehran: lugha ya watu uliowakuta ni mali yako pia. Jifunze, na wafundishe watoto wako ya kwenu bila kuwatia hofu ya hapa. Ingia katika kikundi cha akiba, hudhuria mazishi ya mtaa, shiriki kuzibua mfereji. Usingoje kuitwa.

Kwako wewe mwenyeji, ssebo, nnyabo: ukimwuliza mtu ni wa wapi, akakujibu "ni wa hapa," liamini jibu lake.

Na kwenu waheshimiwa wabunge: mwangalieni mtoto aliyezaliwa katika ardhi hii na ambaye hana nchi nyingine anayoijua. Ibara ile inayomfungia mlango kwa sababu mzazi wake alikimbia vita inaweza kurekebishwa, kama ilivyorekebishwa Katiba mwaka 2005. Kukimbia kifo si kosa, na hata kungekuwa kosa, si la mtoto.

Ndugu msikilizaji, muda wetu umekwisha. Hekalu la Kikaaya liko wazi kwa watu wa dini zote, na wasio na dini pia. Siku ukipata nafasi, panda ukalione.